Rasimu Mikononi mwa Wengi: Historia ya Kushirikiana katika Programu Zisizokamilika

Kati ya mwezi wa Julai 1984 na Agosti 1985, katika Vrije Universiteit ya Amsterdam, mwalimu aitwaye Dick Grune alikuwa akitengeneza pamoja na wanafunzi wake wawili programu ya kufasiri lugha ya C kwa ajili ya mashine. Shida yao haikuwa ya elimu, ilikuwa ya saa. Mwanafunzi mmoja alifanya kazi tangu asubuhi hadi jioni kama mtumishi wa ofisi. Wa pili alikuja apendapo. Mwalimu mwenyewe hakupata nafasi ila usiku. Chombo walichokuwa nacho kiliitwa RCS, kilichotungwa na Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, na kuelezwa mwaka 1982. Chombo hicho kilitunza matoleo ya kila faili kwa uangalifu mkubwa, lakini kwa sharti la kufuli: aliyeichukua faili ili kuiandika aliifunga, na wenzake wakangoja mpaka airudishe. Aliyesahau kuirudisha kabla ya kwenda zake aliwafungia wenzake kazi nzima.

Grune alijibu kwa kuondoa kufuli. Kila mmoja apate nakala yake, aandike atakavyo, kisha chombo kijaribu kuziunganisha nakala hizo mstari kwa mstari, na pale ambapo wawili wamegusa mstari mmoja, kiwaite watu waamue. Hicho ndicho CVS, kilichotolewa kwa umma mwaka 1986. Walimu wengi wamewahi kulalamika kwamba wanafunzi wao hawashiki saa. Ni wachache waliopata kutoa katika lalamiko hilo chombo kitakachotumiwa ulimwenguni kwa miaka ishirini.

Hata hivyo, CVS ilirithi jambo moja bila kulihoji. Tangu Marc Rochkind alipotunga SCCS katika maabara ya Bell mwaka 1972, utunzaji wa matoleo ulifuata kanuni ya daftari la hesabu: kilichokwisha kuandikwa hakifutwi, na kosa hurekebishwa kwa kuandika mstari mwingine chini yake. Kanuni hiyo ni njema kwa mkaguzi. Kwa mtu ambaye bado anafikiri, ni adhabu. Kwa kuwa kila kilichowekwa katika hazina ya pamoja kilionekana na wote, na kilibaki humo daima pamoja na jina la aliyekiweka, watu walijizoeza kutoweka humo kitu chochote kabla hakijakamilika. Kazi ya wiki tatu ilikaa katika mashine moja, bila nakala, bila jicho la pili. Diski ikiharibika, kazi imekwenda. Isipoharibika, mwenzi aliiona siku ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuzoea makosa yake na hana tena hamu ya kusikia neno.

Wakati huohuo jamii nyingine ilikuwa na desturi tofauti. Waandishi wa Linux, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, walipelekeana mabadiliko kwa barua za kompyuta, kila badiliko likiwa kiraka: mistari ya kuondoa na mistari ya kutia. Kiraka kilisomwa na wengi, kikakosolewa, kikaandikwa upya na kupelekwa mara ya pili, pengine mara ya saba. Kilichoingia katika Linux kilikuwa kile cha mwisho tu. Andrew Morton alijitungia programu ndogondogo za kupanga viraka vingi kwa safu, kimoja juu ya kingine, ili aweze kurudi kwenye cha tatu na kukirekebisha bila kuvivuruga vya juu yake. Kutoka hapo kikazaliwa chombo kiitwacho Quilt. Hapa basi rasimu ilikuwa huru. Ila haikuwa na kumbukumbu: toleo la kale la kiraka lilibaki katika rundo la barua, na hakuna mashine iliyojua kwamba barua ya Jumanne ilichukua nafasi ya ile ya Ijumaa.

Mwezi wa Aprili 2005 desturi hizo mbili zilikutana. Waandishi wa Linux walinyimwa ruhusa ya kutumia bure chombo cha kibiashara kiitwacho BitKeeper, walichokuwa wakikitumia tangu 2002. Katika majuma machache yakatokea mawili ya kukirithi: Git ya Torvalds, na Mercurial ya Olivia Mackall. Katika vyote viwili kila mtu ana hazina nzima kwake, na kila badiliko hupewa namba ndefu yenye tarakimu na herufi 40, inayokokotolewa kutokana na maandishi yake pamoja na namba ya badiliko lililolitangulia. Yafaa kusimama kidogo hapa, maana ndipo fundo lilipo. Kwa kuwa namba ya mtoto imebeba namba ya mzazi, ukigeuza herufi moja katika badiliko la kale, namba yake hubadilika, na za wote waliolifuata hubadilika pia. Kwa hiyo hakuna mtu anayehariri historia kwa maana halisi. Anaandika historia ya pili kando ya ile ya kwanza, kisha anaitupa ya kwanza.

Akiwa peke yake, hakuna madhara. Wakiwa wawili, mambo ni mengine. Mmoja ampelekea mwenzake rasimu. Mwenzake ajenga juu yake kazi ya siku mbili. Wa kwanza agundua kosa, asahihishe rasimu, na kuiweka kwa nguvu mahali pa ile ya kale. Wa pili akirudi hukuta mashine inamwonyesha mambo mawili yasiyo na udugu. Akiyaunganisha, kosa lililosahihishwa laweza kurudi. Akikubali lile jipya bila kuangalia, siku zake mbili zimepotea. Ndiyo sababu ya lile onyo linalofundishwa kila mahali, kwamba usiandike upya kile ulichokwisha kukitoa. Onyo ni la kweli, lakini matokeo yake yawarudisha watu kulekule kwa zamani: ficha mpaka umalize.

Jaribio la kwanza la kutoka humo lilifanywa na Chris Mason, aliyeingiza safu ya viraka ndani ya Mercurial. Viraka vyenyewe viliweza kutunzwa katika hazina yao, ikawa historia ya historia. Kwa mtu mmoja ilifaa sana. Wawili walipokigusa kiraka kimoja, walilazimika kuunganisha tofauti za tofauti, maandishi ambayo hata wenye macho makali huyasoma kwa taabu.

Jibu lililokamilika zaidi lilitoka Paris mwaka 2012, kwa kazi ya Pierre-Yves David aliyekuwa Logilab. Kwanza, katika Mercurial 2.1, kila badiliko lilipewa hali moja kati ya tatu: la wazi, lisilogeuzwa tena, la rasimu, lililo halali kurekebishwa, na la siri, lisilotoka katika mashine ya mwenyewe. Jambo la kuangalia ni hili: kupelekewa mwenzi hakulazimu tena kuwa wazi. Hazina ya pamoja yaweza kuwekwa kwa namna ambayo rasimu ikifika humo hubaki rasimu. Pili, katika Mercurial 2.3, zikaja alama za kuchakaa. Mtu akiandika rasimu upya, ile ya kale haifutwi. Inafichwa, na alama huandikwa kusema kwamba badiliko fulani limerithiwa na fulani, kwa mkono wa fulani, siku fulani. Alama hizo husafiri kutoka hazina hadi hazina. Yule aliyejenga kwa siku mbili juu ya rasimu ya kale sasa huarifiwa kwamba msingi wake umechakaa na mrithi wake ni yupi. Chombo kiitwacho Evolve humhamishia kazi yake juu ya msingi mpya.

Badiliko lililobaki juu ya mzazi aliyechakaa liliitwa hapo awali lisilo thabiti. Tangu 2017 laitwa yatima, neno ambalo kwa Kiswahili linakaa vizuri zaidi. Hali iliyo ngumu ni ile ya wawili walioisahihisha rasimu moja bila kujuana. Hapo warithi ni wawili, na mashine haimchagui mmoja. Huonyesha mgongano na kungoja watu wazungumze, kama alivyotaka Grune.

Wako waliokataa njia hii yote. D. Richard Hipp, mwandishi wa SQLite, aliunda chombo chake kiitwacho Fossil bila uwezo wa kuandika historia upya, kwa hoja kwamba historia iliyopambwa ni uongo juu ya yale yaliyotendeka. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na nyaraka. Lakini alama za kuchakaa haziko upande wa uongo: zinashuhudia kwamba marekebisho yalifanyika. Udhaifu wake uko kwingine. Rasimu ya kale haisafiri pamoja na alama yake, hivyo mtu aliyefika baadaye hujua kuwa kulikuwa na maandishi yaliyotangulia bila kuweza kuyasoma.

Ubora wa chombo haukuamua ushindi. Mozilla, iliyoingia Mercurial mwaka 2007, ilitangaza mwaka 2023 kwamba Firefox itahamia Git. Mawazo ndiyo yaliyohama kwa njia nyingine: Facebook ilijenga juu ya Mercurial na mwaka 2022 ikatoa Sapling, Martin von Zweigbergk, aliyepata kuchangia Mercurial, alianza Jujutsu mwaka 2019, ambamo kila badiliko lina majina mawili, moja linalogeuka kila maandishi yanapoguswa, na moja lisilogeuka tangu rasimu ya kwanza. Jujutsu huweza kuweka kazi yake katika hazina ya Git, kwa hiyo wenzi wanaotumia vyombo tofauti hushirikiana. Ila yule wa Git, rasimu ya mwenzake ikisahihishwa, huletewa namba mpya kama ambavyo angeletewa mwaka 2005, na Git haimwambii kwamba ndiyo ileile ya jana.