Unyumbufu wa Fikra

Ukishuka mwaloni Igombe, nje kidogo ya mji wa Mwanza, wakati akina mama wanageuza dagaa juani, utawakuta watoto na mitumbwi yao ya ndala chakavu. Ndala huchongwa ncha, kijiti kikachomekwa katikati, jani likawa tanga. Chombo kikipinduka, mtoto hakitupi. Hupunguza mlingoti, au hufunga kijiwe upande wa chini, akajaribu tena. Uwezo huo wanasaikolojia wameupa jina la Kiingereza, “cognitive flexibility”, na sisi katika kulitia jina hilo kwenye Kiswahili tumejikwaa.

Wapo wanaosema “kubadilikabadilika kwa mawazo”. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwetu sisi, abadilikaye kila saa ni kigeugeu, na hakuna mzazi anayemtakia mwanawe hivyo. “Wepesi wa akili” nao unaashiria kasi, ilhali mtoto wa ndala aweza kumaliza jioni nzima juu ya tanga moja.

Mimi nashika unyumbufu wa fikra. Kunyumbuka ni kupindika au kuvutika pasipo kukatika. Tena kila aliyesoma sarufi anaujua mnyumbuliko wa vitenzi: piga, pigia, pigana, pigisha. Viambishi vinabadilika, mzizi -pig- haung’oki. Mtoto naye habadili nia yake, kwamba mtumbwi uelee. Anabadili njia tu.

Mwanasaikolojia Philip David Zelazo na wenzake waliupima uwezo huu kwa kadi za sungura na mashua, nyekundu na buluu. Mtoto huzipanga kwanza kwa rangi, kisha huambiwa azipange kwa umbo. Wengi wa miaka 3 hung’ang’ania rangi, na cha ajabu, ukiwauliza kanuni mpya wanaitaja sawasawa. Kufikia miaka 5, wengi huhama bila taabu. Kwa hiyo kumrudia mtoto maelezo hakutoshi. Mkono wenyewe unahitaji mazoezi ya kuacha ulichozoea.

Hapo ndipo ninapoupenda mchezo wa mdako. Kokoto zimo shimoni. Unarusha moja juu na, kabla haijatua, unazitoa nyingine nje, kisha unazirudisha ukibakiza moja. Ukifuzu, sharti linageuka: sasa unabakiza mbili, halafu tatu. Dada anayecheza na mdogo wake, akimwona amebakiza moja kwa mazoea, hamshiki mkono. Humwambia, “Sasa ni mbili, mdogo wangu,” akangoja.