Manowari na Kariakoo: Maneno Mawili ya Vita

Ndugu msomaji, maneno tusemayo kila siku yanafanana na mikoko ya delta ya Rufiji. Maji yakijaa huoni ila majani. Yakitoka ndipo mizizi huonekana. Hebu tutazame mizizi ya maneno mawili.

Neno “manowari” tumelipata kwa Waingereza. Kwao asili yake ni “mtu wa vita”. Hapo zamani walimwita hivyo askari, kisha jina likahamia kwenye merikebu ya kupigana. Watu wa pwani wakalitamka kwa ulimi wao, likawa letu.

Juni 1914 meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilifika Dar es Salaam. Watu wakahesabu mabomba yake ya moshi, wakaiita “Manowari na bomba tatu”. Tazama ajabu ya lugha: meli ni ya Wajerumani, “manowari” limetoka kwa Waingereza, “bomba” kwa Wareno, na “tatu” ni Kibantu chetu wenyewe.

Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta, upande wa Salale, ambako leo ni Wilaya ya Kibiti. Waingereza wakaifuata. Tarehe 11 Julai 1915 ikapigwa hata Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake 10 ikatolewa topeni, ikapelekwa kupigana nchi kavu.

Je, mizigo ya vita hivyo ilibebwa na nani? Hapa ndipo lilipozaliwa neno la pili. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wao walikuwa na kambi mjini. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps. Vinywani mwa watu kikawa “Kariakoo”. Wapagazi hao walikuwa Waafrika, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Waliokufa kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Leo mfanyabiashara wa Kibiti hupanda basi kwenda Kariakoo kununua bidhaa, wala hawakumbuki. Manowari imeandikiwa vitabu. Wapagazi walio wengi hata makaburi yao hayajulikani. Limebaki neno tu, nalo lipo sokoni kila siku. Basi, ndugu msomaji, mwanao akikuuliza Kariakoo maana yake nini, usimwambie kuwa ni soko tu. Mweleze habari za watu wale.