Gari Lisilovuta kwenye Mlima wa Newala

Gari kuukuu linaweza kuuficha ugonjwa wake njia nzima kutoka Mtwara hadi Masasi. Miinuko ya huko ni ya kawaida, na dereva mwenye haraka hujiambia kwamba mzigo umezidi. Likishaiacha Masasi na majabali yake, likaanza kuukwea ukingo wa magharibi wa uwanda wa juu wa Makonde kuelekea Newala, siri inatoka: gea ya tatu haishiki, ya pili inalalamika, na utingo yuko chini na gogo mkononi, tayari kulikinga tairi la nyuma. Ufundi wa kujua kwa nini gari halivuti, kama ulivyokua katika gereji za Masasi na Newala, ulikuwa elimu yenye utaratibu wake. Mlima huu uliufinyanga, na historia ya uchukuzi ya kusini ikaukaza. Wanaouita kubahatisha hawajautazama kwa karibu.

Kusini kuliwahi kuwa na reli. Mradi wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 uliiletea Mtwara bandari yenye kina na njia ya treni hadi Nachingwea, jirani na Masasi. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa na kung'olewa. Hayo yalitokea wakati mikorosho ikizidi kupandwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka Mtwara na Lindi, na mzigo huo ukawa juu ya malori. Korosho huiva mvua zikiwa karibu, kwa hiyo muda wa kuzisomba ulikuwa mfupi. Kisha zao likaanguka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000, fedha za kigeni zilikuwa haba nchi nzima, na spea zikawa za kusubiriwa. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Kabla ya hapo, masika yakishika, kifaa kutoka Dar es Salaam kingeweza kukwama ng'ambo ya mto. Katika hali hiyo, fundi aliyeagiza pampu ya dizeli kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye chujio alimpotezea mwenye lori msimu mzima. Kupima kabla ya kununua kulikuwa sharti la kazi.

Upimaji wenyewe ulianza mbali na injini. Resi ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Gari likisukumwa kwenye tambarare na kukataa kwenda, ngoma ya gurudumu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, breki zimeshika, na injini inasingiziwa. Baada ya hapo ndipo moshi husomwa: mweusi unasema mafuta yamezidi hewa au nozeli hazipulizi vizuri, wa buluu unasema oili inaungua, na gari linalokosa nguvu bila kutoa moshi, mara nyingi mafuta hayalifikii. Hapo fundi mzoefu hufungua kwanza kifuniko cha tangi. Upepo ukiingia kwa mluzi na gari likapata uhai, tundu la kupumulia lilizibwa na vumbi, na dawa yake ni kipande cha waya.

Kama injini inamisi, fundi huiacha ingurume taratibu, akalegeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine. Ngurumo ikibadilika, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Isipobadilika, mgonjwa ni huyo. Kisha huihamishia nozeli yake kwenye silinda nzima. Ugonjwa ukihama nayo, kosa ni la nozeli. Ukibaki palepale, fundi hutazama kompresheni, yaani valvu, gasketi ya hedi au ringi. Hakuna spea mpya iliyonunuliwa, na dhana moja moja zimejaribiwa na kutupwa. Sijui maabara gani ingeona aibu kwa utaratibu huo.

Wapo wanaosema mlima wenyewe unatosha kueleza yote, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Ni kweli kwamba injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Lakini tofauti ya kimo kati ya Masasi na Newala ni ya mamia machache ya mita, hivyo hasara ni ya asilimia chache tu, tena haibadiliki. Gari lililopanda kwa gea ya tatu mwezi jana na leo linaomba ya kwanza kwa mzigo uleule, haliwezi kuulaumu mlima. Lawama nzito zaidi iliangukia mafuta. Mafuta ya taa yalipokuwa nafuu, wafanyabiashara waliyachanganya na dizeli, na kwa kuwa hayalainishi vizuri, pampu na nozeli zililika mapema. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuiondoa faida hiyo.

Pingamizi ninalolipa uzito ni kwamba uhaba ulizaa pia viraka: gasketi za kukatwa kwa mkono, nozeli zilizosagwa kupita kiasi, ringi zilizorudishwa zikiwa zimeisha. Injini nyingi zilikufa kwa viraka hivyo. Hata hivyo kosa hilo ni la dawa, si la utambuzi. Mtu anaweza kuujua ugonjwa barabara na asiwe na cha kuutibu. Wengine husema leo kompyuta imemaliza kazi hiyo. Injini kuukuu haina vihisi vya kusomwa na kompyuta. Hata kwenye gari jipya, mashine hutoa namba ya kosa kwamba presha ya mafuta iko chini. Kama ni chujio lililoziba, paipu inayovuta hewa au pampu iliyochoka, fundi bado hulitafuta jibu kwa mpangilio uleule, kuanzia kilicho rahisi kufunguliwa hadi kilicho ghali kununuliwa.