Safu ya Lugha: Vikono si manyuo

Kwenye gereji za juakali, Kisii hadi Keroka, nasikia gari lenye vikono vya gia nyuma ya usukani likiitwa “manyuo”. Hapana! Manyuo ina klachi ya kukanyaga. Gari lenye vikono ni otomatiki. Kikono cha kulia hupandisha gia, cha kushoto hushusha, vyote vikituma tu ishara ya umeme kwa kompyuta ya giaboksi. Ukihamisha injini na giaboksi ukaiacha kompyuta hiyo, vikono vinabaki mapambo.

Tena, anayeondoa injini mbovu ya Toyota Probox akatia ya aina ile ile amebadilisha injini. Anayetia ya aina nyingine amepandikiza. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) itataka kujua yote mawili, maana namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku. Na asili ya maneno haya? “Gia” tulilichukua kwa Waingereza. “Usukani” ni neno la mabaharia, lenye asili ya Kiarabu.