Top Gear: Utani Uliokosa Watani

Mwaka 2013 Waingereza watatu walionekana kwenye televisheni wakihangaika na magari yaliyotumika katika matope ya Uganda, wakavuka Rwanda, wakaingia Tanzania. Jeremy Clarkson alikuwa na BMW, James May Volvo, na Richard Hammond aliendesha Subaru, gari ambalo vijana wetu wa mtaani wanalitambua kwa mlio tu. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Mto Nile. Ukweli ni kwamba walikuwa wanataniana, na utani huo ndio uliotuketisha mbele ya televisheni.

Top Gear, kipindi chao, ilianza mwaka 1977 katika studio za BBC za Birmingham, ikiwa kipindi cha kawaida cha ushauri kwa madereva, na Angela Rippon alikuwa miongoni mwa watangazaji wake wa kwanza. Ilifutwa mwaka 2001. Mwaka uliofuata Clarkson na mtayarishaji Andy Wilman waliifufua kwa sura mpya, na May alipojiunga mwaka 2003 mafiga yakatimia.

Machi 2015, baada ya kutwa nzima ya kurekodi, Clarkson alifika hotelini huko Yorkshire akakuta jiko limefungwa. Hakuna chakula cha moto. Akamtolea matusi mtayarishaji Oisin Tymon, kisha akampiga hadi mdomo ukatoka damu. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini kumtetea, lakini BBC haikumwongezea mkataba. Nasema ilifanya haki: mfanyakazi hapigwi kazini kwa sababu ya sahani ya nyama. Hammond, May na Wilman nao wakaondoka, na wote wakahamia Amazon.

BBC ikamkabidhi usukani Chris Evans, mtangazaji hodari wa redio, pamoja na Mmarekani Matt LeBlanc na wengine kadhaa. Kipindi cha kwanza, Mei 29, 2016, kilipata watazamaji milioni 4.4. Cha mwisho wa msimu kilibaki na milioni 1.9. Watu walilalamika kwamba Evans anapiga kelele mno. Mimi nadhani alibebeshwa mzigo usio wake. Uwanja wa Dunsfold, walikojaribia magari, ulikuwa palepale, na dereva asiyeonyesha uso, The Stig, alikuwepo. Kilichokosekana ni miaka ile ya kuzoeana, ambayo humfanya mtu amcheke mwenzake bila kumuumiza. Evans alijiuzulu Julai 4, baada ya msimu mmoja tu.

Ushahidi kwamba kuzoeana ndiko kulikokosekana ulikuja mwaka 2019. Watangazaji wapya Andrew Flintoff na Paddy McGuinness, wote wawili watoto wa Lancashire, waliungana na mtangazaji mwenzao Chris Harris, na utani ukarudi wenyewe. Mwaka 2020 kipindi kikahamishiwa BBC One. Kisha Desemba 2022 Flintoff akapata ajali mbaya palepale Dunsfold, katika gari la wazi la magurudumu matatu, akaumia vibaya usoni. Novemba 2023 BBC ilitangaza kwamba Top Gear haitarejea kwa siku za karibuni.

Clarkson, Hammond na May waliendelea pamoja Amazon hadi Septemba 2024, iliporushwa safari yao ya mwisho. Walitoka Zimbabwe wakaagana Kubu, nchini Botswana, katika majangwa ya chumvi waliyoyavuka na Top Gear mwaka 2007.