Kisiki cha Pittsburgh: Washington Capitals katika Mtoano, 1974–2018

Laurel, mji wa Maryland ulio katikati ya Washington na Baltimore, ulijulikana kwa farasi kabla ya barafu. Uwanja wake wa mbio, Laurel Park, ulifunguliwa mwaka 1911, na vizazi kadhaa vya wenyeji vimekwenda huko kupima nguvu za farasi na kuweka dau. Hoki ya barafu ya kulipwa ilikuja kukita mizizi baadaye sana. Washington Capitals, timu ya mfanyabiashara Abe Pollin, walianza ligi mwaka 1974 katika ukumbi wa Capital Centre huko Landover, kusini mwa Laurel, ndani ya kaunti ileile ya Prince George's. Kuanzia 1991 hadi 2006 walifanya mazoezi Piney Orchard, mjini Odenton, safari fupi tu ya gari kutoka Laurel. Timu ilihamia katikati ya jiji la Washington Desemba 1997, lakini Laurel haikukosa barafu yake: katika The Gardens Ice House watoto na watu wazima hucheza hoki hadi leo. Katika eneo hili, Aprili ikifika, mashabiki huulizana kama timu itavuka. Tangu 1991 hadi 2018 swali hilo lilikuwa gumu kuliko yote pale mpinzani alipokuwa Pittsburgh Penguins.

Ugumu wenyewe unaanzia kwenye mpangilio wa mashindano. Msimu wa kawaida wa ligi ya NHL kwa miaka mingi umekuwa wa mechi 82, kisha timu 16 huingia mtoano. Timu mbili hukutana hadi mara saba, na inayotangulia kushinda mechi nne ndiyo inayosonga mbele. Yenye pointi nyingi zaidi hupewa faida ya kuanzia nyumbani, na mechi ya saba ikihitajika huchezwa kwake. Katika mtoano hakuna mikwaju ya penalti ya kuamua sare: zinaongezwa dakika 20, zikiisha zinaongezwa nyingine, mpaka mmoja afunge. Kwa hiyo jedwali la ligi linaeleza kazi ya miezi sita, ilhali mtoano huamuliwa ndani ya wiki mbili, na kipa mmoja aliyeamka vizuri anatosha kuyafuta yote.

Mwanzoni hakukuwa na la kupima. Msimu wa kwanza Capitals walishinda mechi 8, wakapoteza 67 na kutoka sare 5. Ugenini walishinda mara moja tu katika mechi 40. Mabadiliko yalikuja mwaka 1982 walipompata beki Rod Langway kutoka Montreal, na mwaka 1983 wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza. Kisiki chao cha miaka hiyo kilikuwa New York Islanders. Aprili 1987, usiku wa kuamkia Pasaka, timu hizo zilicheza mechi ya saba Landover hadi muda wa nyongeza wa nne. Capitals walipiga mashuti 75 golini. Kipa Kelly Hrudey akazuia 73. Mashuti ya Islanders yalikuwa 57, na la mwisho, la Pat LaFontaine, likaingia wakati saa nane ya usiku inakaribia. Aliyetazama karatasi ya takwimu bila kutazama matokeo angeapa kwamba Washington walishinda.

Penguins waliingia katika hadithi hii mwaka 1991, wakiwa na Mario Lemieux na kijana Jaromir Jagr. Waliwatoa Capitals kwa mechi 4 kwa 1, kisha wakatwaa Kombe la Stanley. Mwaka uliofuata hesabu ziliwapendelea Washington waziwazi: pointi 98 za msimu dhidi ya 87, halafu uongozi wa mechi 3 kwa 1. Pittsburgh wakaacha kushambulia kwa pupa, wakarudi nyuma kuziba njia, wakashinda tatu mfululizo na kubeba kombe tena. Washington walilipiza mwaka 1994. Mwaka 1995 wakaongoza tena 3 kwa 1, na tena wakatolewa.

Mwaka 1996 Capitals hawakupewa nafasi kubwa, lakini walikwenda Pittsburgh wakashinda mechi mbili za mwanzo. Wakapoteza ya tatu, na ya nne ikachezwa Landover tarehe 24 Aprili. Katika mechi hiyo Lemieux alitolewa nje, na kipa wa kwanza wa Penguins, Tom Barrasso, hakumaliza. Nafasi yake ikachukuliwa na Ken Wregget. Katika muda wa nyongeza Washington wakapewa penalti, mchezaji mmoja dhidi ya kipa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika muda wa nyongeza wa mtoano. Joe Juneau akaichukua, Wregget akaizuia. Upande wa pili kipa Olaf Kolzig aliokoa mashuti 62. Saa nane usiku ilikuwa imepita, na muda wa nyongeza wa nne ulikuwa umebakiza chini ya dakika moja, Petr Nedved alipofunga wakati Capitals wana mchezaji mmoja pungufu kwa adhabu. Matokeo yakawa 3 kwa 2, Penguins wakapata nguvu na kushinda mbili zilizofuata.

Mwaka 2000 na 2001 yalijirudia yaleyale, mara hii bila msisimko mwingi. Kisha kikaja kizazi kipya: Alexander Ovechkin alichaguliwa na Washington mwaka 2004, Sidney Crosby na Pittsburgh mwaka 2005. Tarehe 4 Mei 2009 kila mmoja alifunga mabao matatu katika mechi moja, Capitals wakashinda 4 kwa 3. Mechi ya saba, mbele ya mashabiki wao, walilala 6 kwa 2.

Mfano unaostahili kuchunguzwa zaidi ni wa 2016. Capitals walimaliza kileleni mwa ligi nzima kwa pointi 120, na kipa Braden Holtby alifikia rekodi ya ushindi 48 katika msimu. Penguins walikuwa na 104. Ila idadi hiyo ilichanganya timu mbili tofauti: ile iliyosuasua hadi Desemba 2015, na ile iliyofufuka baada ya kocha Mike Sullivan kuchukua usukani. Wachambuzi waliohesabu majaribio yote ya kufunga, takwimu ambazo ligi yenyewe ilianza kuzichapisha mwaka 2015, waliiona timu hiyo ya pili. Wengi waliangalia jumla tu. Penguins walishinda 4 kwa 2, bao la mwisho likifungwa na Nick Bonino katika muda wa nyongeza.

Mwaka 2017 timu hizi ndizo zilizokuwa mbili bora katika ligi yote, Washington pointi 118 na Pittsburgh 111, lakini mpangilio wa makundi uliziweka uso kwa uso raundi ya pili. Huo ulikuwa udhaifu wa kanuni, na uliwanyima mashabiki nafasi ya kuziona zikikutana katika fainali ya kanda. Kris Letang, beki tegemeo wa Penguins, alikuwa majeruhi. Hata hivyo kipa wao Marc-Andre Fleury hakuruhusu bao katika mechi ya saba mjini Washington, ikaisha 2 kwa 0.

 

Mwaka 2018 Capitals waliingia mtoano wakiwa dhaifu kuliko miaka miwili iliyotangulia. Walikuwa na pointi 105, wamepoteza wachezaji kadhaa muhimu, na Holtby alianzia benchi. Raundi ya pili wakakutana tena na Penguins. Katika mechi ya sita mjini Pittsburgh, tarehe 7 Mei, Nicklas Backstrom wa Capitals alikuwa ameumia mkono na mwenzake Tom Wilson alikuwa amefungiwa mechi 3. Ilikuwa 1 kwa 1 hadi muda wa nyongeza. Ovechkin akampenyezea Evgeny Kuznetsov, aliyekimbia peke yake na kumfunga kipa Matt Murray. Capitals wakawatoa Tampa Bay kwa mechi 4 kwa 3, kisha wakawashinda Vegas 4 kwa 1, na tarehe 7 Juni wakanyanyua Kombe la Stanley kwa mara ya kwanza.

Hadi mtoano wa 2025 timu hizi hazikukutana tena katika hatua hiyo. Katika mapambano 11, Pittsburgh walishinda 9, na kila mwaka waliotwaa kombe, yaani 1991, 1992, 2009, 2016 na 2017, waliwapita Washington njiani.