Bendera, Kamba na Upepo wa Meru

Wanaosimulia historia ya bendera huanza na rangi. Mimi nilikuwa askari wa utawala kwenye kambi ya chifu karibu na Kinoru, na kazi yangu ilikuwa kamba.

Boma la Meru lilianzishwa mwaka 1908 na Mwingereza E. B. Horne, ambaye wazee wetu walimwita Kangangi, na bendera ya kina Horne ikatawala hapa hadi Desemba 1963. Usiku wa uhuru, Kisoi Munyao akaipandisha yetu juu ya Mlima Kenya. Habari zake kila mtoto wa shule anazijua. Bendera za kambi za machifu hazisimuliwi, na ndizo zilizopigwa na upepo kila siku.

Saa kumi na mbili asubuhi tunapandisha, saa kumi na mbili jioni tunashusha. Filimbi ikilia, mpita njia anasimama, hata mwenye mkokoteni.

Bendera haichanikii katikati. Upepo wa kiangazi huanza na pindo lililo mbali na mlingoti, pembe ya chini, kwenye kijani: uzi mmoja unachomoka, na usipouwahi unakuwa ndevu. Tulimpelekea fundi wa cherehani, akakata nyuzi, akakunja pindo upya na kulishona mistari minne. Lakini kila ushonaji huifupisha bendera. Ikizidi, ngao haikai tena katikati, na hapo huna budi kuomba mpya.

Milingoti ya zamani ilikuwa mikaratusi. Ilioza pale inapoingia ardhini, nyuma ya mawe yaliyopakwa chokaa, kwa hiyo ukaguzi ulipita salama. Bomba la chuma halikuoza, ila kamba iliyolegea ililigonga usiku kucha. Kamba ya katani ikilowa huvimba na kukwama kwenye kapi. Ya nailoni fundo lake huteleza.

Agosti 1978, Mzee Kenyatta alipofariki, agizo lilikuwa nusu mlingoti. Wengi hudhani unaivuta hadi nusu na kufunga. Hasha: hufika kwanza juu kabisa, ndipo iteremshwe, na jioni hurudishwa juu kabla ya kushushwa. Upepo ukivuma, hapo nusu hujisokota mlingotini, na askari husimama akiipigapiga kamba mbele ya watu wenye huzuni.

Juni 2018 sherehe za Madaraka zililetwa Uwanja wa Kinoru. Watu walimtazama Rais. Mimi nilitafuta pindo lililoshonwa upya. Bendera zote zilikuwa mpya.